Sili Ilivuja Tena: Nilivyobadili Bushi na Oili za Shokapu za Mbele Nyumbani

Shokapu ya mbele ya pikipiki yangu, upande wa kulia, ilikuwa imeshabadilishwa sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, huko gereji. Nililipa, nikaondoka nikiamini mambo yamekwisha. Hazikupita wiki nyingi, ule mstari wa oili ukarudi kwenye bomba linalong'aa, vumbi likagandia juu yake, na matone yakaanza kuteremka taratibu kuelekea kwenye kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana pedi kwenye disiki. Kipindi hichohicho nilikuwa nasikia mgongano mdogo wa chuma kila nilipobana breki ya mbele katika mwendo wa polepole. Niliporudi gereji niliambiwa sili ile haikuwa nzuri, tuweke nyingine. Hapo nikasita. Nikaona bora nijue kwanza shokapu inafanyaje kazi kabla ya kulipia sili nyingine tena.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekwama palepale. Kazi hii inawezekana nyumbani, hata kwa mtu ambaye si fundi, ila ina mahali kadhaa ambapo ukifika bila maandalizi utabaki na pikipiki isiyo na gurudumu la mbele na huna la kufanya.

Shokapu ninazozungumzia ni zile za kawaida, bomba jembamba linalong'aa likiwa juu na bomba nene la alumini likiwa chini. La juu, ambalo nitaliita bomba la ndani, limebanwa na vishikio viwili chini ya usukani. La chini, bomba la nje, ndilo linalobeba ekseli (mhimili wa gurudumu), kalipa na madigadi. Mabomba haya yanaingiliana, lakini hayasuguani moja kwa moja. Katikati yao kuna bushi mbili kwa kila shokapu: moja imevaa mwisho wa chini wa bomba la ndani, nyingine imekaa ndani ya mdomo wa bomba la nje, chini kidogo ya sili. Ni pete nyembamba zenye mpasuko mmoja, zina tabaka la shaba, na juu ya shaba hiyo kuna utando wa rangi ya kijivu iliyoiva, ambao ni tefloni. Utando huo ndio unaoteleza. Ukilika, nafasi kati ya mabomba inaongezeka na bomba la ndani linaanza kucheza.

Sasa fikiria breki ya mbele inabanwa. Uzito wa pikipiki unakuja mbele, gurudumu linavutwa nyuma, na shokapu nzima inataka kupinda. Mzigo huo unatakiwa kubebwa na bushi. Bushi zikiwa zimekwisha, bomba linaegemea sili, na sili ni mpira tu wenye mdomo mwembamba ambao kazi yake ni kuifuta oili ibaki ndani. Ukiisukuma upande mmoja, upande wa pili unaachia. Ndiyo maana sili mpya juu ya bushi zilizochoka haikai. Hakuna aliyeniambia hili wakati nalipia ile ya kwanza, na kwa kweli liliniuma, kwa sababu oili ile ilikuwa inaelekea kwenye disiki ya breki. Suala la shokapu inayovuja si uchafu. Siku oili ikilowesha pedi, breki ya mbele inakukana wakati unaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Kabla ya kununua chochote nilihakikisha kwamba ni bushi kweli. Pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kati na gurudumu la mbele likiwa hewani, shika ncha za chini za shokapu kwa mikono miwili uzivute mbele na kuzisukuma nyuma. Ukisikia mchezo, usikimbilie kuhukumu, maana beringi za usukani zilizolegea zinatoa mchezo wa namna ileile na hata mlio uleule wakati wa breki. Mwambie mtu avute, wewe weka kidole pale bomba la ndani linapozama kwenye la nje. Halafu hamishia kidole kati ya kishikio cha chini na shingo ya fremu. Pale kidole kinapohisi mwendo ndipo penye ugonjwa. Hata bushi mpya zina mchezo mdogo sana, lakini wangu ulikuwa wa kuonekana kwa macho, na beringi zilikuwa salama.

Jambo lingine la kuhakikisha mapema: si kila pikipiki ina bushi za kubadilishwa. Katika pikipiki nyingi ndogo bomba la ndani linateleza moja kwa moja ndani ya alumini ya bomba la nje, na likishalika, dawa ni kubadili bomba zima. Tafuta mchoro wa vipuri wa pikipiki yako, ule unaoonyesha kila kipande na namba yake, uone kama bushi zimo. Mchoro huo utakufaa pia wakati wa kuunganisha, kwa sababu unaonyesha mpangilio wa kila washa, zile pete bapa za chuma.

Vipuri nilivyonunua vilikuwa vya pande zote mbili, ingawa uliokuwa unavuja ni mmoja. Shokapu mbili zinafanya kazi kwa pamoja; ukiweka bushi na oili mpya upande mmoja tu, zitaanza kuvutana. Kwa hiyo: bushi nne, sili mbili za oili, sili mbili za vumbi, washa mbili za shaba za bolti za chini, pete mbili za mpira za vifuniko vya juu vya shokapu, na lita moja ya oili ya shokapu, ambayo ilitosha na kubaki. Jumla ilizidi kidogo kile nilicholipa gereji kwa sili na ufundi wa mara moja. Gharama iliyonishtua ilikuwa ya pedi za breki, maana nilipozitoa nilizikuta zimeshalowa oili ukingoni. Pedi iliyonyonya oili haioshwi ikarudi salama, inatupwa. Kama shokapu yako imevuja kwa muda, weka akiba ya pedi tangu mwanzo.

Upande wa vifaa, kinachohitaji pesa ni spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Niliiazima. Vingine ni vya kawaida: soketi, spana ya alen (ya pembe sita) ndefu ya kufikia bolti ya chini, bisibisi bapa, nyundo ya mpira, rula, chombo cha kupimia oili, na bomba la plastiki la kupigia sili, ambalo nitalieleza. Kitu kimoja usikikose kwa vyovyote: kitabu cha ufundi cha pikipiki yako. Kina nguvu ya kukaza kila bolti, aina ya oili na kimo chake. Vipimo vya pikipiki ya rafiki yako havikuhusu.

Kusimamisha pikipiki ndiko kulikonitia hofu kuliko yote. Gurudumu la mbele likitoka pamoja na shokapu, uzito unahama, na pikipiki ikianguka hapo inaweza kukuvunja mguu. Niliiweka kwenye stendi ya kati, nikaongeza jeki chini ya injini na ubao katikati, mbali na bomba la moshi na chujio la oili, kisha nikafunga kamba sehemu ya nyuma isiinuke. Kabla ya kulegeza nati ya ekseli niliisukuma kutoka kila upande kwa nguvu. Iliposimama imara ndipo nilipoanza.

Hapa mpangilio una maana kubwa, na ni mahali ambapo watu wengi hujipa shida bila sababu. Vifuniko vya juu vya shokapu vinalegezwa wakati shokapu bado imebanwa kwenye pikipiki, kwa sababu hapo ndipo panapoishika vizuri. Lakini kwanza legeza bolti ya kishikio cha juu, maana kishikio hicho kinabana sehemu ileile yenye meno ya kifuniko. Ukisahau, utazungusha hadi pembe za kifuniko ziharibike. Robo au nusu mzunguko inatosha, usikifungue kabisa.

Kisha kalipa. Ifungue na uifunge kwa waya kwenye fremu, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Weka kipande cha mbao au kadibodi ngumu katikati ya pedi. Mdogo wangu aliyekuwa ananisaidia alishika usukani na vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye breki. Kama si ile mbao, pistoni zingesogea nje na tungekuwa na kazi nyingine. Gurudumu na madigadi vikatoka. Kabla ya kuchomoa shokapu, pima kwa rula bomba la ndani limejitokeza kiasi gani juu ya kishikio cha juu, uandike. Milimita chache hapo zinabadilisha tabia ya usukani.

Sasa bolti ya chini. Iko kwenye kitako cha bomba la nje, imezama ndani ya tundu, na ndiyo inayoshika rodi ya ndani ya shokapu, ile yenye vitundu ambavyo oili inapita kwa shida ili springi isirukeruke. Tatizo ni kwamba rodi hiyo haijafungwa na kitu kingine chochote. Bolti ikiwa imeganda kwa gundi yake, unazungusha na rodi inazunguka nayo humo ndani. Kinachoishikilia kidogo ni mgandamizo wa springi. Kwa hiyo bolti hii inalegezwa springi ikiwa bado ndani na kifuniko kikiwa bado kimeshika. Mtu aliyeshafungua kifuniko na kutoa springi kwanza amejinyima msaada huo.

Safisha tundu la bolti kwa kitu chenye ncha mpaka spana iingie hadi mwisho. Tope lililoshindiliwa mle ndani ndilo linalofanya spana iteleze na kutafuna pembe, na bolti iliyotafunwa mahali kama hapo ni balaa.

Upande wa kulia bolti ililegea kwa mshtuko mmoja. Wa kushoto ulizunguka tu. Unajua imekuwa hivyo kwa sababu mkono unahisi ulaini, bolti inazunguka na haitoki nje hata kidogo. Tulijaribu kuibana shokapu, mdogo wangu akiikandamiza kwa uzito wake wote juu ya ubao ili springi isukume zaidi, mimi nikizungusha. Ikakataa. Mwenye mashine ya kufungulia nati kwa mishindo ya haraka huwa anamaliza hapo, kwa kuwa mishindo inavunja gundi kabla rodi haijapata muda wa kuzunguka. Sisi hatukuwa nayo. Tukafungua kifuniko, tukatoa springi, tukamwaga oili, kisha nikachonga ncha ya mpini wa fagio iwe ya kuchongoka kidogo, nikauingiza kwenye bomba hadi ukagusa kichwa cha rodi, nikaugonga kwa nyundo ukakwama mle. Mdogo wangu akaushika mpini kwa nguvu zote, nikazungusha, na bolti ikaachia kwa mlio mkavu. Sijawahi kufurahia mlio wa bolti namna ile. Kuna rodi zenye tundu la pembe sita au zaidi kichwani, na kwa hizo kuna kifaa chake maalumu, lakini mpini wa fagio umewaokoa wengi.

Tahadhari kuhusu kifuniko: chini yake kuna springi iliyobanwa. Kikifika meno ya mwisho kinaruka. Vaa miwani, kisukume chini kwa uzito wa mwili huku ukikizungusha, na uso wako usiwe juu yake.

Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, nyembamba kama maji, yenye mng'aro wa unga wa chuma, na ilinuka samaki aliyeoza. Harufu hiyo ni ya kawaida kwa oili ya shokapu iliyokaa muda mrefu. Kilichonishangaza ni kiasi. Upande wa kushoto, ambao haukuvuja, ulitoa oili nyingi kuliko kitabu kinavyosema, hata kabla ya kuisubiri ichuruzike vizuri. Ina maana ilimiminwa kwa kukadiria. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu oili kuzidi nako kunaua sili.

Kutenganisha mabomba mawili kuna namna yake. Ng'oa sili ya vumbi kwa bisibisi bapa, taratibu, kisha utoe pete ya waya iliyojificha chini yake kwenye mfereji. Pete hiyo ikibaki, utavuta mpaka ukome. Ikitoka, shika bomba la ndani, livute kwa mshtuko, lirudishe, livute tena. Kila mshtuko, bushi ya chini inaigonga bushi ya juu, na bushi ya juu inaisukuma sili nje. Mara inaachia, na vitu vyote vinatoka vimepangana kwenye bomba: sili, washa bapa, bushi. Usivivuruge. Vipange juu ya kitambaa kwa mfuatano uleule na upige picha. Angalia pia kikombe kidogo cha alumini kinachokaa kwenye kitako cha rodi. Mara nyingi hubaki ndani ya bomba la nje na kusahaulika. Kazi yake ni kuzuia shokapu isigonge inapofika mwisho wa kushuka.

Nilikaa na ile bushi ya juu mkononi kwa muda. Upande wa ndani, mbele na nyuma, kijivu chote kilikuwa kimetoweka na shaba inang'aa njano, laini kabisa. Pembeni, kulia na kushoto, utando ulikuwa bado mzima. Ungeweza kuisoma bushi ile na kujua mbele ya pikipiki ni wapi. Kuna vitabu vya ufundi vinavyosema bushi ibadilishwe shaba ikionekana kwenye zaidi ya robo tatu ya uso wake; yangu ilikuwa inakaribia hapo, na mchezo nilioupima kwa kidole uliniambia nisisubiri. Ya chini ilikuwa na mikwaruzo, na punje ndogo za chuma zimejikita kwenye utando. Ndizo zilizokuwa zikiifanya oili ing'ae.

Bomba la ndani linakaguliwa mambo mawili. La kwanza, kama limepinda. Lizungushe juu ya kioo kinene kilicholala sawasawa na utazame mwanga unaopita chini yake. Vitabu vingi vinaweka kikomo cha kupinda kwenye milimita 0.2, kipimo ambacho kinataka geji halisi, lakini bomba lililopinda vibaya linajionyesha lenyewe kwenye kioo. La pili ni kutu. Pitisha ukucha kwa urefu wote wa sehemu inayoingia na kutoka kwenye sili. Nilipata kishimo kimoja chenye ukingo ulioinuka, na ukucha ulikwama. Ukingo kama huo unaikata sili kila shokapu inapofanya kazi. Nilitumia msasa namba 1000 kisha 2000, wenye oili, nikisugua kwa kuzunguka bomba na si kwa kupanda na kushuka, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Lengo ni kuondoa kilichoinuka tu. Ukisugua kromu yenyewe hadi iishe umeharibu bomba. Kishimo kilichobaki nilikijaza gundi ya epoksi, nikaisawazisha ilipokauka. Kromu ikiwa inabanduka kwa maganda, usihangaike na sili wala bushi, bomba hilo libadilishwe.

Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa na kukausha mpaka pasiwe na dalili ya unyevu, maana mafuta ya taa yakibaki yanaifanya oili mpya iwe nyepesi.

Kurudisha kulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Bushi ya chini inapanuliwa kwa vidole tu, kiasi cha kupita, inaingia kwenye mfereji wake mwisho wa bomba. Ukiipanua kupita kiasi haitarudi kwenye umbo lake. Rodi inaingia, kikombe cha alumini kinavishwa kitakoni, bomba la ndani linazama kwenye la nje, na bolti ya chini inafungwa ikiwa na washa mpya ya shaba na tone la gundi ya kuzuia bolti isilegee. Washa ya zamani imeshalala. Ukiirudisha, oili itachuruzika karibu na ekseli na utadhani sili imevuja tena. Nilirudisha springi na kifuniko kwa muda ili kupata ule mgandamizo wakati wa kukaza, na safari hii rodi haikuzunguka.

Bushi ya juu na sili zinahitaji kupigwa ziingie. Kifaa chake halisi ni bomba zito la chuma lililogawanyika mara mbili. Mimi nilitumia bomba la plastiki ambalo tundu lake linapita juu ya bomba la ndani kwa nafasi ndogo, na ukubwa wake wa nje unaingia kwenye mdomo wa bomba la nje. Ncha zake zikatwe sawasawa na zilainishwe kwa msasa, kisha zifutwe, kwa sababu vumbi la plastiki likiingia humo ndani linaharibu kazi yote. Teremsha bushi mpya, weka ile ya zamani juu yake kama kinga, kisha gonga kwa bomba. Mpasuko wa bushi niliuelekeza pembeni ili sehemu nzima ibebe mzigo wa mbele na nyuma. Ikikaa, toa ile ya zamani na uweke washa.

Kabla ya kuteremsha sili, funika kichwa cha bomba kwa mfuko laini wa plastiki uliopakwa oili. Ukingo wa bomba pale juu ni mkali, na unaweza kuupasua mdomo wa sili mpya bila wewe kuona chochote hadi siku inapoanza kuvuja. Paka grisi kidogo kwenye midomo. Upande wenye maandishi unatazama juu, upande wenye springi ndogo ya mviringo unatazama oili. Gonga ukizunguka, na usikilize. Mwanzoni sauti ya nyundo ni ya wazi, ya kitu kinachosogea. Sili ikifika chini sauti inakuwa nzito na fupi. Mfereji wa pete ya waya ukionekana wote, mzunguko mzima, umefika. Ukionekana nusu, endelea.

Kuhusu oili, kitabu changu kilitaka 10W, yaani namba ya unene wa oili. Namba hiyo si ya kuaminika sana kati ya kampuni na kampuni. 10W ya mmoja inaweza kuwa karibu na 5W ya mwingine. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta kwenye karatasi ya bidhaa unene wa oili uliopimwa kwenye nyuzi joto 40, hiyo ndiyo namba isiyodanganya. Na usiweke oili ya injini kwa kuwa ipo karibu. Ya shokapu imetengenezwa isitoe povu inaposukumwa kwenye vitundu vya rodi.

Kiasi nacho ni suala la umakini kuliko watu wanavyodhani. Juu ya oili, ndani ya shokapu, kuna hewa iliyofungiwa, na hewa hiyo ni springi ya pili. Shokapu inaposhuka hewa inabanwa na kuzidi kuwa ngumu. Oili ikizidi, nafasi ya hewa inapungua, shokapu inakuwa ngumu mwishoni na shinikizo linaisukuma sili kutoka ndani. Ikipungua, shokapu inagonga chini. Ikitofautiana kulia na kushoto, kila upande una tabia yake. Ndiyo maana kupima kwa mililita peke yake hakutoshi, kwani kuna oili inayobaki imegandia ndani usiyoijua. Kinachopimwa ni kimo: springi ikiwa nje, bomba la ndani likiwa limeshuka hadi mwisho, shokapu imesimama wima, unapima kutoka ukingo wa juu hadi uso wa oili. Yangu ilikuwa milimita 150, yako ifuate kitabu chako.

Mimina kidogo zaidi ya kipimo, kisha pandisha na kushusha bomba polepole mara nyingi. Mwanzoni utahisi sehemu tupu, mkono unapita bila upinzani, na viputo vinapanda. Endelea mpaka upinzani uwe sawa juu hadi chini, uiache itulie dakika 10 hivi. Kisha ondoa iliyozidi. Nilitumia bomba la sindano lililofungwa mrija mwembamba. Nilipima kwa rula urefu wa mrija unaozama chini ya ukingo uwe sawa na kimo kinachotakiwa, nikavuta hadi likaanza kuvuta hewa. Pande mbili zikatoka sawa kabisa.

Kurudisha shokapu kwenye pikipiki, bomba la ndani lijitokeze juu ya kishikio kwa kipimo kilekile ulichoandika, kaza kishikio cha chini, kaza kifuniko cha juu, kisha kishikio cha juu. Ekseli inaingia na nati yake inakazwa, lakini ile bolti inayobana ekseli kwenye kitako cha shokapu iache imelegea kwanza. Rudisha kalipa, pampu breki mpaka iwe ngumu, shusha pikipiki chini, shika breki na ukandamize mbele mara kadhaa. Shokapu zinajipanga zenyewe juu ya ekseli. Hapo ndipo unapokaza ile bolti. Ukiikaza mapema, shokapu moja inaweza kubaki imevutwa ndani au nje, na bushi mpya zitaanza kulika upande mmoja tangu siku ya kwanza.

Nilifuta disiki kwa dawa ya kusafishia breki, nikaweka pedi mpya, nikatoka kwa mwendo mdogo mahali pasipo na magari. Ule mgongano wa chuma haukuwepo. Pikipiki ilipobanwa breki ilishuka mbele kwa utulivu na kupanda kwa utulivu. Niliporudi kulikuwa na mstari mwembamba sana kwenye mabomba yote mawili na moyo ukanipasuka, kumbe ni grisi ya midomo ya sili. Nikaifuta, ikarudi kidogo, nikafuta tena, ikakoma. Inayoendelea kurudi siku baada ya siku ndiyo ya kuwa na wasiwasi nayo.

Baada ya safari chache nilipitia tena kila bolti kwa spana ya toki, nikianza na kalipa na ekseli. Oili chafu niliihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko na kuipeleka kunakokusanywa oili chakavu. Haimwagwi chini wala kwenye mtaro. Wengi hushauri oili ya shokapu ibadilishwe kila kilomita 20,000 au miaka 2, lakini hii ya kwanza nitaimwaga mapema zaidi, kwa sababu bushi mpya zikizoeana na mabomba hutoa unga kidogo, na kuibadili hakuhitaji kutenganisha mabomba wala kugusa ile bolti ya chini.